Njia ya Baiskeli Mjini

Huenda mtu akauliza: mji wenye motokaa nyingi wawezaje kuzipunguzia nafasi na kuipa baiskeli? Napenda kueleza walivyofanya Waholanzi.

Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaandamana kudai usalama. Mwaka 1977 mji wa Groningen uligawa eneo lake la katikati sehemu nne. Motokaa haikuruhusiwa tena kuvuka toka sehemu moja kuingia nyingine. Sharti irudi barabara ya nje, izunguke, ndipo iingie. Mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu walipita moja kwa moja. Wenye maduka wengi walipinga, lakini mpango ulidumu, kwani safari fupi ilikuwa nyepesi zaidi kwa baiskeli.

Jambo la pili ni mwendo. Tumejifunza katika fizikia kwamba kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Hivyo motokaa ya kilometa 50 kwa saa hugonga kwa nishati karibu mara tatu ya ile ya kilometa 30.

Wengi wetu tulio bwenini tuna wadogo zetu nyumbani, waendao shule ukingoni mwa barabara kuu. Naona yafaa watengewe njia yao, tena yenye ukingo wa saruji, maana mstari wa rangi peke yake hauzuii gurudumu.