Mama, ng'ombe na dubu: jinsi hadithi moja ya zamani inavyoweza kufundisha watoto kusoma

Katika darasa letu la kusoma la siku ya posho kuna mtoto mmoja wa miaka tisa anayesoma bila kukwama. Ukimpa ukurasa wa Kiswahili, maneno yanatoka kinywani mwake kama maji, kila silabi mahali pake. Siku moja tulimwomba afunge kitabu na kutuambia alichosoma. Alitutazama tu. Kisha akafungua kitabu tena, akaanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza.

Walimu wengi wa makanisa yetu wamekwisha kukutana na mtoto kama huyo. Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa. Mtoto akishika vizuri ba, be, bi, bo, bu, anaweza kutamka karibu kila neno, hata lile ambalo hajui maana yake. Hii ni baraka, lakini pia ni mtego, kwa sababu mwalimu akisikia sauti nzuri anadhani kazi imekwisha. Katika Matendo 8, Filipo alimsikia yule Mwethiopia akisoma garini, naye hakumsifu kwa sauti yake. Alimwuliza kama anaelewa. Swali hilo sisi tunawauliza watoto mara chache sana.

Tunataka kueleza hapa njia moja ambayo walimu na wazazi wa Marekani wameitumia miaka mingi, nasi tumeijaribu kwa kiasi chetu. Wanachukua hadithi moja ndefu ya watoto kuhusu maisha ya walowezi, yaani watu waliohamia upande wa magharibi wa nchi ile katika karne ya 19 wakakata miti, wakajenga nyumba za magogo na kulima. Hadithi inayotumiwa sana ni ile ya Laura Ingalls Wilder. Alizaliwa mwaka 1867 karibu na Pepin, katika jimbo la Wisconsin. Alianza kufundisha shule kabla hajatimiza miaka 16, lakini kitabu chake cha kwanza, *Little House in the Big Woods*, kilitoka mwaka 1932, akiwa na miaka 65. Ndani yake anasimulia familia moja katika msitu mkubwa: baba, mama, Mary, Laura mwenyewe na mtoto mchanga Carrie.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu na theluji, yanawahusu nini watoto wa Kivu au Ituri? Tulifikiri hivyo pia, mpaka tulipoanza kusimulia. Mwanasesere wa kwanza wa Laura ni gunzi la hindi lililovikwa kitambaa. Wasichana wetu walicheka, kwa kuwa wengine wao wanaye wa namna hiyo nyumbani. Nyama inakaushwa kwa moshi. Maziwa yanasukwa mpaka siagi itoke. Mama anatengeneza jibini, naye anagandisha maziwa kwa kitu kinachotoka katika tumbo la ndama. Mtoto aliyetoka Masisi alitusahihisha sisi wakubwa juu ya jambo hilo. Kwa kweli watoto wengi wa miji ya Marekani wanahitaji kuelezwa mambo ambayo watoto wetu wanayaona kila siku. Theluji tuliieleza kwa milima ya Rwenzori, maana anayekaa Beni ameiona mawingu yakifunguka. Dubu ndiye aliyetushinda, kwa sababu hayuko katika nchi yetu. Tulimchora ubaoni, akafanana na mbwa mnene, watoto wakaridhika.

Na dubu ndiye aliyetufundisha zaidi.

Katika sura moja, baba amekwenda mjini kwa miguu kuuza ngozi. Usiku umeingia, hajarudi. Mama anatoka kumkamua ng'ombe wao, jina lake Sukey, na Laura anamfuata akibeba taa. Wanapofika kwenye lango la zizi wanaona kitu cheusi kimesimama pale. Mama anashangaa kwamba Sukey ametoka, anamsukuma, anampiga kofi begani ili asogee. Ndipo mwanga wa taa unapopita kati ya mbao za lango, na Laura anaona manyoya marefu meusi na macho mawili madogo yanayong'aa.

Hapo mwalimu ananyamaza. Hasemi neno dubu. Anauliza: huyo ni nani?

Darasani kwetu mmoja alisema ni ng'ombe wa jirani. Mwingine alisema ni mwizi aliyejifunika koti. Hatukumkosoa hata mmoja. Tuliuliza swali moja tu: umejuaje? Kwa sababu mwandishi anatueleza kwamba Sukey ana manyoya mafupi ya kahawia na macho makubwa ya upole. Mtoto anayesikiliza vizuri anaweka vitu viwili pamoja: mafupi na marefu, makubwa na madogo. Msichana mmoja alisema polepole, "Huyu si Sukey, macho yake ni madogo." Hakuna aliyemwambia hivyo. Alikuwa amesoma kile ambacho hakikuandikwa waziwazi, na kazi hiyo ndiyo inayomshinda yule mtoto anayesoma kama maji.

Katika hadithi, mama naye anatambua. Hapigi kelele. Anamwambia Laura arudi nyumbani taratibu, Laura anatii bila kuuliza, kisha mama anamnyakua na kukimbia naye mpaka ndani. Kwenye sura hiyo hiyo baba anarudi na kisa chake. Alikuwa anatembea gizani bila bunduki, akaona dubu amesimama wima katikati ya njia. Alipiga kelele, dubu hakusogea. Mwishoni alichukua gogo akamrukia na kumpiga kichwani. Kilikuwa kisiki kilichoungua, kisiki ambacho alikipita kila alipokwenda mjini.

Mama alimdhania dubu kuwa ng'ombe, baba akakidhania kisiki kuwa dubu. Kwa kufundisha kulinganisha mambo mawili, hatujaona mfano mzuri kuliko huu. Chora mstari katikati ya ubao, upande mmoja mama, upande wa pili baba. Nani alikuwa katika hatari ya kweli? Nani aliogopa? Nani alikuwa na silaha? Watoto watabishana wenyewe, mwalimu atakuwa na kazi ya kuandika tu.

Sasa juu ya kitabu chenyewe. Wengi wetu hatuna nakala, na kiko katika Kiingereza. Hilo lisiwazuie. Mwalimu anasimulia kisa kwa maneno yake mwenyewe, halafu watoto wanakirudia, naye anaandika ubaoni sentensi wanazosema wao. "Mama alipiga dubu." "Laura alibeba taa." Sentensi tano au sita zinatosha. Watoto wanazisoma pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha wanayakata maneno katika silabi: du-bu, ta-a, ki-si-ki. Kwa kuwa sentensi zilitoka vinywani mwao, maana iko tayari kabla ya herufi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu za taifa zitumiwe katika madarasa ya mwanzo, kwa hiyo mwalimu asione haya kufanya hayo kwa Kiswahili na kuacha Kifaransa kifuate.

Kuna zoezi jingine dogo la kupanga mambo kwa mfuatano. Mama wa Laura alikuwa na kazi ya kila siku: Jumatatu kufua, Jumanne kupiga pasi, Jumatano kushona nguo zilizochanika, Alhamisi kusuka maziwa, Ijumaa kusafisha nyumba, siku ya posho kuoka mikate, na siku ya Mungu kupumzika. Andika kila kazi kwenye kipande cha karatasi, changanya, wape watoto wapange. Kwetu siku nyingi zinaitwa kwa hesabu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nalo linasaidia. Kisha waandike juma la mama zao wenyewe. (Tuliona kwamba kwa mama wengi siku zote zina kazi ileile: maji, shamba, soko. Baba mmoja aliyekuwa mlangoni hakupenda sana zoezi hilo.)

Zoezi la mwisho limetoka katika maisha ya mwandishi. Mwaka 1879 dada yake Mary aliugua akapofuka, akiwa na miaka 14. Tangu hapo Laura alikuwa macho yake. Alimweleza rangi, sura za watu, barabara, mawingu. Ukisoma vitabu vyake unaelewa alijifunza wapi kueleza kitu mpaka msomaji akione. Basi wakae watoto wawili wawili. Mmoja afumbe macho, mwingine amweleze picha au kitu kilicho mbele ya nyumba ya ibada. Aliyefumba macho ana ruhusa ya kuuliza. Baada ya hapo kila mmoja anaandika sentensi moja. Mtoto aliyekuwa anaandika "Naona mti" ataandika kwamba mti umeinama na una tawi moja lililovunjika.

Hatuwezi kusifu vitabu hivi bila kusema neno juu ya kile kilichotoka mwaka 1935, *Little House on the Prairie*. Kinasimulia jinsi familia hiyo ilivyokwenda Kansas kujenga nyumba. Udongo ule ulikuwa wa watu wa Osage. Baadaye Waosage waliondoka, wakahamia nchi inayoitwa sasa Oklahoma. Kitabu kinawaonyesha wenyeji hao mara nyingi kama kitu cha kuogopwa. Mstari mmoja uliielezea nchi ile kana kwamba haikuwa na watu, ingawa wenyeji walikuwamo. Mwaka 1953, baada ya msomaji kulalamika, neno "watu" pale lilibadilishwa likawa "walowezi". Na mwaka 2018 chama cha wakutubi wa Marekani kiliondoa jina la Laura kwenye tuzo yake ya vitabu vya watoto, kwa sababu ya namna anavyowaelezea Wahindi Wekundu na watu weusi.

Msomaji wa mashariki mwa Congo hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya mtu kuondolewa kwenye shamba la baba zake. Kwa hiyo shauri letu ni hili: kwa watoto wadogo tumieni kile cha msituni, dubu na siagi vinatosha. Cha Kansas kiachieni vijana, na wakikisoma waulizwe swali ambalo kitabu hakiulizi: Waosage wangesimulia nini juu ya nyumba ile? Hilo pia ni somo la kusoma. Tena baadhi ya familia zetu ziko Marekani sasa, na huenda watoto wao wakapewa vitabu hivi shuleni. Ni vizuri shangazi au babu aliye Uvira aweze kuwauliza swali hilo kwenye simu.

Tukirudi kwa yule mtoto wetu wa miaka tisa: siku ya kisa cha baba tulimwomba atoe sentensi moja. Alikaa kimya muda mrefu, wenzake wakaanza kunyoosha vidole. Kisha akasema, "Baba alipiga kisiki." Tukaandika. Tulipotaka kwenda mbele, akauliza kama kile kisiki kilikuwa pale asubuhi baba alipopita akienda mjini. Tulimwambia atafute mwenyewe. Akaenda ubaoni, akaweka kidole kwenye sentensi ya kwanza, akaanza kusoma polepole, midomo ikitikisika bila sauti.