Kazi za halmashauri kufanyiwa nyumbani: Tabora inawezekana?

Januari 27 na 28, 2025, watumishi wa umma jijini Dar es Salaam waliambiwa wafanyie kazi nyumbani, kwa kuwa barabara zilifungwa kupisha mkutano wa nishati wa Afrika. Vipi mkoani Tabora, wenye halmashauri nane?

Kinachowezekana

Mengi yameshahamia mtandaoni. Mfanyabiashara wa Sikonge anaomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu. Mtumishi naye anaomba likizo, mkopo au uhamisho kupitia ESS, na utendaji wake unapimwa kwenye PEPMIS. Enzi za misafara, barua kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilibebwa na wapagazi kwa miezi.

Kisichowezekana

Nesi wa zahanati, mwalimu wa darasani, bwana afya anayekagua mgahawa, mtendaji wa kijiji anayeitwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Hawa lazima wawepo, hakuna namna.

Kikwazo kikubwa

Mtandao. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini. Kesho yake watumishi wakatakiwa kufanyia kazi nyumbani. Sasa bila intaneti, ofisa anaidhinishaje leseni? Mfumo haufunguki, awe sebuleni au ofisini.

Mshahara wa ofisa unaingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Leseni ikikwama, anayefunga duka ni mfanyabiashara.