Mzee mwenye demenshia akijiumiza, tafuta kiini usimfunge mikono

MZEE hujikuna mkono ule ule kutwa kucha hadi ngozi ichubuke. Mwingine hujiuma vidole, hubandua vigaga vya vidonda au hugonga kichwa ukutani. Jamaa wakimkemea huacha kwa dakika chache, kisha hurudia.

Vitendo hivi huwapata baadhi ya watu wenye demenshia, hali inayodhoofisha kumbukumbu, fikra na hatimaye lugha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa na hali hii mnamo 2021.

Ziko familia zinazodhani mzee amerogwa au ni mkaidi. Ukweli ni kwamba asiyeweza tena kusema “naumwa” husema kwa mwili wake. Kwa hivyo, swali la kwanza si jinsi ya kumzuia, bali ni kitu gani kinachomsumbua.

Anza na maumivu. Anayegonga kichwa huenda anaumwa na jino au sikio. Choo kigumu, viungo na maambukizi ya njia ya mkojo pia humhangaisha mgonjwa. Iwapo tabia imezuka ghafla, kwa saa au siku chache tu, mpeleke hospitalini bila kukawia.

Chunguza pia ngozi. Ngozi ya uzeeni hukauka na kuwasha, hivyo ipakwe mafuta yasiyo na manukato mara kwa mara. Ikiwa wengine nyumbani nao wanajikuna, hasa usiku, yumkini ni upele, na wote wanahitaji kutibiwa kwa pamoja.

Daktari asipopata ugonjwa, weka daftari. Andika saa, kilichotangulia na kilichomtuliza. Baada ya wiki moja huenda ukagundua kuwa hujikwaruza kila jioni nyumba inapojaa kelele, au anapoachwa peke yake bila shughuli.

Mikono isiyo na kazi hujitafutia kazi. Mpe leso azikunje au mahindi apukuchue, ila usimpe vitu vidogo iwapo ana mazoea ya kutia kila kitu mdomoni. Mshike mkono, mwimbie wimbo wa ujana wake, mtembeze uani. Isitoshe, kata kucha zake ziwe fupi, funika vidonda na umvishe nguo za mikono mirefu.

Kumfunga kwa kamba au shuka ni hatari. Huongeza hofu, na anapopambana kujifungua anaweza kuanguka au kuumia zaidi.

Dawa nazo zahitaji tahadhari. Mnamo 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya dawa za kutibu wazimu huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demenshia. Hutumiwa tu kwa agizo la daktari, pale hatari ni kubwa na mbinu nyingine zimeshindwa. Hata zile dawa za kawaida za mwasho zinazoleta usingizi zaweza kuzidisha kuchanganyikiwa kwake.

Hata hivyo, si kila tabia itakwisha. Wakati mwingine ushindi ni kupunguza majeraha tu. Ndiposa jamaa wanapaswa kupokezana zamu, badala ya kumwachia binti au mkaza mwana mmoja mzigo wote. Mlezi aliyechoka hukasirika upesi, na hasira yake humwongezea mgonjwa wahaka.