Karamu ya Krismasi Machakos: Hesabu Huanza Ghalani

Mwezi wa Desemba ukifika kati, mabasi na matatu yatokayo Nairobi na Mombasa hujaa watu waelekeao Machakos, kila mmoja na mzigo wake. Katika nyumba nyingi, tangu vilima vya Iveti na Kangundo hata nchi kavu ya Mwala na Masii, swali huwa moja tu: wageni watakula nini siku ya Krismasi? Kwa yule akaaye mjini, ambaye hupeleka fedha kwa simu na kudhani kwamba kazi imekwisha, swali hili ni dogo. Kwa mama mwenye nyumba si dogo hata kidogo. Yeye ajua kwamba sikukuu huja wakati shamba limejaa majani mabichi, na ghala limekaribia kuonyesha sakafu yake.

Sababu ni mvua. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na zile za Oktoba mpaka Desemba ndizo za kutegemewa zaidi. Mahindi yaliyopandwa mvua hizo zilipoanza huwa yangali machanga wakati wa Krismasi. Hata yale ya Katumani, yaliyotoka katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos, na ambayo husifiwa kwa kuwahi kukomaa, huhitaji miezi mitatu hivi. Shamba la Desemba hutoa majani ya kunde, na kama mvua zilianza mapema, maharagwe mabichi kidogo. Nafaka ya karamu basi ni ile ya mavuno yaliyopita, na mavuno mapya yako mbali. Kisha Januari shule hufunguliwa, na karo, sare na vitabu hudaiwa kwa pamoja. Watu wa mjini wameupa mwezi huo jina la mzaha, Njaanuari, lakini mzaha huo hauwachekeshi sana wale ambao mtoto wao amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Ndiyo maana mama mwenye busara huanza kupanga chakula cha sikukuu ghalani, wala si dukani. Jambo la kwanza hutenga mbegu. Maharagwe na kunde za kupanda mwezi wa Machi hutiwa katika chombo chao na kuwekwa mahali ambapo mpishi mwenye haraka hatazifikia. Hadhari hii si ya bure. Jioni ya tarehe 24 wageni wameongezeka, sufuria imeonekana ndogo, na shemeji mwenye moyo mwema asema, "Ongeza maharagwe kidogo." Yaliyo karibu na mkono mara nyingi ndiyo ya mbegu, na akipika hayo amepika shamba la Machi.

Jambo la pili ni kuyatazama mahindi yenyewe. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, na Machakos nayo iliguswa. Mahindi yale yalivunwa wakati wa mvua isiyo ya majira, yakawekwa ndani kabla ya kukauka. Machakos ilikuwa imekwisha kuonja msiba huo mwaka 1981. Sumu hii haifi kwa moto wa jikoni, hata mahindi yakichemshwa kutwa nzima. Kwa hiyo punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizopasuka hazifai kuingia chunguni, na gunia lenye harufu ya uvundo haliliwi hata kama wageni ni wengi. Wala mahindi yaonekanayo safi si lazima yawe salama, maana sumu yenyewe haionekani kwa macho. Ulinzi ulio bora ni kuyakausha vizuri tangu siku ya kuvunwa na kuyaweka mahali pakavu, juu ya ubao na si juu ya udongo.

Sasa chakula chenyewe. Mathalani nyumba itakayolisha watu 30. Vijana watokao Nairobi hutaka chapati na pilau, wazee hutaka muthokoi, na watoto hutaka nyama na soda. Wakati mwingine mama husikiliza wote, akapika vyote, na saa nane ya mchana hakuna kilichoiva isipokuwa chai.

Muthokoi hudharauliwa na baadhi ya vijana kwa kuwa ni chakula cha kila siku, nao wamekosea. Ni mahindi yaliyonyunyiziwa maji na kutwangwa kinuni mpaka ganda likatoka, kisha yakapepetwa na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Kazi ni ya mikono na ya saa nyingi, na kuni zake si haba. Lakini hutwangwa siku mbili kabla, huchemshwa usiku wa kuamkia sikukuu, na asubuhi hungoja vitunguu na mafuta tu. Kilo 4 za muthokoi mkavu na kilo 2 za maharagwe hutosha watu hao 30, na hubaki. Mtu akifika bila taarifa, sahani yake ipo. Chapati hazina uvumilivu huo. Kilo 2 za unga wa ngano hutoa chapati 20 au 25, na kijana mmoja mwenye afya hula tatu bila kufikiri. Kumpa kila mtu mbili kwahitaji kilo 5 na zaidi, na mwanamke mmoja kuinama motoni asubuhi nzima, wengine wakiimba kanisani. Nyumba kadhaa zimelitatua jambo hilo kwa kuwakabidhi chapati vijana wenyewe walioziomba, wavulana kwa wasichana. Ni uamuzi wa haki. Pilau nayo, ikiwa chapati zipo, yaweza kungoja Mwaka Mpya.

Nyama ndiyo hugharimu zaidi. Mbuzi wa kilo 30 akichinjwa hutoa nyama kama kilo 14 pamoja na mifupa, yaani karibu nusu kilo kwa kila mtu katika nyumba ya watu 30, hapo kabla hujapeleka kipande kwa jirani. Mbuzi mmoja basi yatosha. Majirani wengine huchanga fedha wakanunua ng'ombe mmoja, na asubuhi nyama hugawanywa mafungu yaliyo sawa juu ya majani. Desturi hii ni nzuri, maana hakuna anayelazimika kuchinja ng'ombe wake peke yake. Mkamba hachinji ng'ombe kwa wepesi. Mwaka 1938 serikali ya ukoloni ilipowashurutisha watu wa Machakos kupunguza ng'ombe wao, ikisema kwamba malisho yameharibika, maelfu yao walikwenda Nairobi mwezi wa Julai wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma wakidai mali yao. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza shurti lake. Mzee aliyesimuliwa hayo na baba yake hatashangilia akiambiwa kwamba mtamba auzwe ili sikukuu ipendeze.

Vinywaji havihitaji maneno mengi. Chai hula sukari kuliko mtu yeyote anavyokisia, na maziwa yafaa yaagizwe mapema kwa jirani mwenye ng'ombe. Wazee wengine watauliza kama kuna uki wa asali. Jibu lategemea nyumba. Soda za watoto zaweza kupunguzwa bila kilio, kwa kuwa Desemba ndio mwezi ambao maembe ya Ukambani huanza kuiva kwa wingi, na mtoto mwenye embe mikononi huisahau chupa.

Likibaki la kupangwa, ni maji. Sufuria za watu 30, sahani zao, chai yao na miguu yao iliyojaa vumbi huhitaji mitungi mingi kuliko ya juma zima. Ikiwa kisima kiko mbali, punda au mkokoteni huagizwa tarehe 23, maana siku ya 24 kila nyumba humtaka.

Tarehe 26 asubuhi muthokoi uliobaki hukaangwa kwa kitunguu na mafuta, ukawa mkavu kidogo na mtamu kuliko jana. Wanaorudi Nairobi hula wakiwa wamesimama, viatu miguuni, mtoto mmoja akiwa amekwisha kutumwa barabarani kulizuia gari.