Vijana Wetu na Kazi za Makampuni ya Fedha za Simu

Katika zama zetu hizi imetokea namna ya kazi ambayo wazee wetu hawakuijua, nayo ni kazi katika makampuni yanayopeleka fedha, kupokea malipo na kutoa mikopo kwa njia ya simu ya mkononi. Vijana wengi wa Kiislamu, wa kiume na wa kike, wamekwisha ingia humo, na wengine wanaomba waingie. Wazazi nao hutuuliza sisi walimu: Je, kazi hii ni ya namna gani, na riziki yake ni halali? Swali hili lataka jibu lenye ujuzi, kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua humdhulumu mwenziwe na hujidhulumu mwenyewe.

Kwanza yatupasa tufahamu asili yake. Kufikisha fedha mji wa mbali pasipo kuzibeba si jambo geni katika Uislamu. Wanachuoni wa fiqhi walikwisha zungumza juu ya hawala na suftaja tangu karne nyingi, na Kiswahili chetu kikalichukua neno hawala kwa fedha za posta. Lililo jipya ni chombo. Nchini Kenya jaribio la M-Pesa lilianza mwaka 2005, likiwa na mawakala 8 na wateja wasiofika 500, na makusudio yake yalikuwa kuwarahisishia watu kulipa madeni ya shirika la mikopo midogo. Wasimamizi walipotazama waliona watu wanakitumia chombo kile kupelekeana fedha wao kwa wao. Wakaliacha shauri lao la kwanza wakaifuata haja ya watu, na kampuni ya Safaricom ikaifungua huduma hiyo kwa wote mwezi wa Machi 2007. Kabla ya mwaka huo kwisha wateja walipita milioni 1. Mwaka 2008 Vodacom ikaianzisha Tanzania.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Wako wanaoandika programu za kompyuta, ambao kosa lao la mstari mmoja laweza kukata fedha za watu mara mbili. Wako wanaolinganisha hesabu, kwa sababu kila shilingi inayoonekana katika simu ya mteja sharti iwe na shilingi yake iliyowekwa benki kwa amana, na hesabu mbili hizo zisipokutana hapana anayekwenda nyumbani kwa raha. Wako wanaowatembelea mawakala wasije wakaishiwa fedha taslimu au salio. Wako wanaochungua hila za matapeli. Na wako wanaopokea simu za wateja mchana na usiku, kwa kuwa chombo hiki hakifungwi kama duka.

Kijana mmoja aliyesoma kwetu, aliyefanya kazi ya kupokea simu, alitueleza kwamba malalamiko aliyoyasikia zaidi ni ya mtu aliyekosea namba akampelekea fedha asiyemjua. Mama analia, kwani fedha zile ni karo ya mtoto. Naye kijana anaziona kwa macho yake zimekaa katika hesabu ya mtu mwingine. Lakini hana ruhusa ya kuzinyang'anya kwa neno la upande mmoja tu, maana huenda anayelia ndiye mwongo. Kila aliyepata kusoma adabu za kadhi ataijua hukumu hii: usikate shauri kabla hujamsikia mwenziwe. Tena kijana huyo aweza kuona salio la jirani yake, la mjomba wake, la mtu anayemposa dada yake. Siri hiyo ni amana, na kuitazama pasipo haja ya kazi ni khiyana hata kama hakumwambia mtu.

Jambo la pili ni kukua kwa kampuni. Kampuni ikiwa changa, watu wachache hukaa chumba kimoja, na aliyeandika programu asubuhi ndiye anayewajibu wateja jioni. Taabu ni nyingi, lakini kila mmoja anaijua kazi yote, na matunda yake anayaona. Kampuni ikikua, huja wakubwa juu ya wakubwa, na kila mtu hupewa kipande chake kidogo. Huambiwa idadi ya wateja wa kuwaleta kila mwezi, na usiku wa mwisho wa mwezi, watu wanapopokea mishahara, halali mtu. Mshahara huongezeka, lakini aliyeajiriwa kwa haraka huenda akaachishwa kwa haraka, mwaka wa faida ukipita. Sala nazo huanza kusongwa: kwanza Adhuhuri huchelewa, kisha Ijumaa huwa ni ya kuombewa ruhusa.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya kipande kidogo. Karani wa zamani aliyeandika daftari la mkopeshaji alijua aandikalo. Leo kijana aweza kuandika programu ya kuhesabu siku tu, asijue kwamba siku zile ni za kuongezea deni. Mwezi wa Novemba 2012 ulianza mkopo wa M-Shwari nchini Kenya: mwenye kuchukua shilingi 1,000 wakati huo alirudisha 1,075 baada ya siku 30, na kilichozidi kikaitwa ada. Jina haligeuzi kitu. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ndiyo riba, nayo Mwenyezi Mungu ameiharimisha katika Suratul Baqara, aya ya 275, hali ameihalalisha biashara. Na katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawafanya wote sawa. Aandikaye leo kwa kompyuta hakutoka katika neno hilo la mwandishi.

Tena yalizuka makampuni ya mikopo ya simu yaliyowapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumfedhehesha, hata Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni mwaka 2022 kuyakataza hayo. Qur'ani ilikuwa imekwisha amrisha katika aya ya 280 ya sura ile ile kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda.

Je, tuwazuie vijana wetu wasiingie kabisa? Hatusemi hivyo. Kupeleka fedha kwa ujira unaojulikana ni kazi ya halali yenye manufaa makubwa, na mama aliye kijijini hupokea matumizi kutoka kwa mwanawe pasipo kupanda gari. Tena wasiokuwepo hawaulizwi shauri. Mwaka 2023 ilianzishwa Halal Pesa katika M-Pesa, kwa ushirika na Gulf African Bank, ili Waislamu wapate njia isiyo ya riba. Jambo kama hilo haliwi ila wakiwepo watu wa kulidai na wenye ujuzi wa kulijenga.

Basi wasia wetu kwa mzazi ni huu. Kabla ya kuuliza mshahara, muulize mwanao mambo matatu. Faida ya kampuni yatoka wapi, katika ujira au katika riba? Kipande chako wewe kinaitumikia ipi katika hizo? Na saa za sala utazipataje? Akijibu kwamba yuko upande wa kupeleka fedha, au wa kulinda amana za watu, mwombee baraka. Akijibu kwamba yuko upande wa mikopo ya riba, asidanganyike kwa jina la ada; aombe kuhamishwa, na akikataliwa atafute pengine, hata kama mshahara ni mdogo. Na akijibu kwamba hajui, basi arudi akaulize, kwani kutojua si udhuru kwa mwenye uwezo wa kuuliza.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki njema yenye baraka, na atujaalie sisi wazazi na walimu tuwe wenye kuwauliza mapema. Amin.