Mkono wa Kumsindikiza Mgonjwa

Kila jioni binamu yangu alimimina mafuta ya nazi kiganjani, akayasugua mpaka yapate joto, ndipo akashika nyayo za mama yake. Shangazi alikuwa na saratani ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Mofini ya maji alishakunywa na maumivu yameshatulia, ila usiku bado ulimtisha. "Polepole, mwanangu. Hapo hapo," alisema. Baada ya muda, vidole vilivyokuwa vimekamata shuka vilianza kuachia.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii si ya mwili peke yake: yamo ya moyo, ya familia na ya roho. Kuchua kumepata nafasi katika tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kwa sababu hiyo.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 380 wa saratani iliyokomaa. Baadhi yao walichuliwa. Wengine waliwekewa mikono tu, bila kusuguliwa. Waliochuliwa walipata nafuu kubwa zaidi papo hapo, ya maumivu na ya moyo. Lakini siku zilivyokwenda maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, bila tofauti ya maana. Kwa hiyo asiyejua kuchua naye asikae mbali na kitanda.

Mkono uwe mwepesi, kama unampaka mtoto mafuta. Usikande uvimbe, kidonda, ngozi iliyoungua kwa mionzi wala mifupa iliyoingiwa na saratani. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiuchue. Huenda damu imeganda. Mwite muuguzi. Dawa ziendelee kama zilivyoandikwa, na mgonjwa aulizwe kwanza: akikataa, basi.

Kwetu pwani mtoto mchanga hukandwa, mzazi hukandwa kwa maji ya moto, bi harusi husingwa. Anayetuaga ndiye tunayemkalia mbali, tukiogopa kumuumiza, naye anadhani tumemchoka.

Wiki ya mwisho Shangazi hakusema tena. Lakini kila aliposikia kifuniko cha chupa ya mafuta kikifunguliwa, alizisogeza nyayo zake taratibu, mpaka zikatokeza nje ya khanga.