Chenso ya baba: Inawaka, lakini je, breki inashika?

Mafinga na Njombe, miji ya mbao, chenso kuukuu haitupwi. Pistoni ikichoka au kabureta ikivuja, fundi hutafuta spea dukani. Akikosa, huchinja mashine nyingine iliyokufa. Hivyo ndivyo mashine ya zamani inavyoendelea kulipa ada za shule.

Tatizo ni kwamba hutafutwa zaidi spea za kuifanya iwake. Breki ya mnyororo ikivunjika, huachwa, kwa sababu chenso inakata bila hiyo. Lakini ncha ya upanga unaobeba mnyororo ikigusa gogo, mashine huweza kumrukia aliyeishika, usoni au shingoni, kabla hajakwepa. Breki ndiyo husimamisha mnyororo.

Kisha kuna raba zilizo kati ya injini na vishikio. Zikilika, mtikisiko wote unaingia mikononi. Baada ya miaka ya kazi, vidole hufa ganzi na kuwa vyeupe kwenye baridi, na baridi ya Njombe ya Juni na Julai haina mzaha. Baba akianza kuhangaika na vifungo vya shati asubuhi, familia isiseme ni uzee tu. Aende hospitali, na amweleze daktari kazi anayofanya.

Kwa fundi, ziulizwe raba na breki kabla ya plagi. Chenso za kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida hazikuwa na breki kabisa. Hizo, hata zikiuzwa bei ya kutupa, ni za kuchinja spea, si za kurudi nazo msituni.